Safari ya Soksi Nyekundu: Juni 1869, siku kwa siku

Jumatatu, 31 Mei 1869. Cincinnati, Ohio

Waliondoka kwa treni huku mvua ikinyesha. Walikuwa wachezaji kumi, rais wa klabu Aaron Champion, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa uwakili, na mwandishi wa gazeti la Cincinnati Commercial aliyeitwa Harry Millar. Mwezi mzima ulikuwa mbele yao, wa kulala hotelini na kucheza kwenye viwanja vya watu: kaskazini mwa Ohio, jimbo la New York, Boston, Brooklyn, Philadelphia, Washington, kisha kurudi nyumbani. Besiboli wakati ule ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watu wa mashariki. Timu ya mji wa kando ya mto Ohio, mji uliojulikana zaidi kwa machinjio ya nguruwe, ilikuwa inakwenda kuwabishia hodi mlangoni.

Jina lao rasmi lilikuwa Klabu ya Besiboli ya Cincinnati, lakini watu waliwaita Red Stockings, Soksi Nyekundu. Wakati wachezaji wengine walivaa suruali ndefu, hawa walivaa suruali nyeupe zilizoishia magotini, na chini yake soksi ndefu nyekundu zilizoonekana kutoka mwisho wa uwanja.

Niwataje mmoja mmoja, pamoja na pesa zao, kwa sababu pesa ndizo zilizoifanya safari hii iwe tofauti na nyingine zote kabla yake. Nahodha Harry Wright, miaka 34, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, aliyekulia New York ambako baba yake alilipwa kucheza kriketi katika klabu ya St. George, alipata dola 1,200 kwa msimu. Mdogo wake George, miaka 22, alipata dola 1,400. Naam, mdogo alimzidi nahodha, na nahodha ndiye aliyemsajili. Mrushaji Asa Brainard alilipwa 1,100, Fred Waterman 1,000. Charlie Gould, Charlie Sweasy, Doug Allison, Andy Leonard na kijana Cal McVey walipata 800 kila mmoja. Dick Hurley, mchezaji wa akiba, 600. Jumla dola 9,300, kwa mkataba wa kuanzia 15 Machi hadi 15 Novemba. Kati ya wote hao, Gould peke yake ndiye mzaliwa wa Cincinnati.

Kabla ya hapo walikuwa na kazi za kawaida. Harry alijifunza usonara. Sweasy na Leonard walitengeneza kofia, Allison alichonga marumaru, Gould alitunza vitabu vya hesabu, McVey alitengeneza piano. Ni watu wa mikono, na nadhani hilo lilionekana katika namna walivyocheza.

Kulipwa chini ya meza kulikuwa jambo la zamani. Chama cha taifa cha wachezaji kilipiga marufuku malipo mwaka 1859, na tangu hapo klabu kubwa zikawa zinawapa nyota wao kazi za uongo: karani ambaye haonekani ofisini, mfanyakazi wa manispaa ambaye fagio lake halijawahi kushika vumbi. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Desemba 1868 chama kiliruhusu wachezaji wa kulipwa, na Cincinnati wakawa wa kwanza kuunda kikosi kizima cha watu wanaosema waziwazi: hii ndiyo kazi yetu, na huu ndio mshahara wetu. Ninawapenda kwa hilo kuliko kwa ushindi wao wote.

Siku hiyo walipaswa kucheza na wanafunzi wa chuo cha Antioch, Yellow Springs. Mvua haikuruhusu. Walipanda treni wakaendelea.

Jumanne, 1 Juni. Mansfield

Ushindi wa kwanza wa safari: 48 kwa 14 dhidi ya Independents.

Msomaji asishtuke kwa tarakimu hizo. Mchezo una zamu tisa za kupiga kwa kila upande, na mkimbio mmoja huhesabiwa kila mchezaji anapozunguka vituo vyote vinne na kurudi alikoanzia. Waliocheza raunda shuleni watauelewa upesi. Mwaka 1869 mrushaji alirusha mpira kwa mkono wa chini, kutoka futi 45, yaani kama mita 14. Mpira ulikuwa na raba nyingi ndani na uliruka kama kitu kilichokasirika. Na hakuna aliyevaa glovu. Allison, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alipokea mipira ya Brainard kwa viganja vitupu, bila kinga ya uso. Timu isiyo na mazoezi iliweza kukosa mpira hata mara ishirini kwa mchana mmoja, na kila kosa lilizaa mkimbio. Kwa hiyo mtu akiangalia matokeo ya siku hizo, ajifunze kuutazama upande wa pili: Cincinnati walikuwa wanafungwa kidogo kuliko wengine wote.

Hapo ndipo kriketi ya Harry ilipolipa. Aliwafundisha kuhama kufuatana na mpigaji, kila mmoja kumlindia mwenzake nyuma, na kutangaza kwa sauti nani anauchukua mpira ulio hewani. Walifanya mazoezi kila siku kama watu wanaokwenda kiwandani.

Jumatano, 2 Juni. Cleveland

Forest City walipigwa 25 kwa 6.

Alhamisi, 3 Juni. Buffalo

Niagara, 42 kwa 6. Usiku, treni tena.

Ijumaa, 4 Juni. Rochester

Mvua ilikatiza mchezo dhidi ya Alert na uwanja ukawa tope. Klabu ya siku hizi ingeahirisha. Wao walichukua mafagio na unga wa mbao, wakafagia maji kwenye njia za vituo, wakamwaga unga, wakaendelea. Walishinda 18 kwa 9. Harry Wright alijua kwamba watu waliolipa kiingilio wamekaa pale chini ya mvua, na kwamba viingilio hivyo ndivyo vinavyolipa nauli ya kesho.

Jumamosi, 5 Juni. Syracuse

Walifika uwanjani wakakuta nyasi ndefu na mashindano ya kupiga njiwa kwa bunduki yakiendelea. Wenyeji hawakuwa wameandaa mechi yoyote. Siku ikapotea, na gharama za hoteli zikabaki palepale.

Jumapili, 6 Juni

Hakuna besiboli siku ya Bwana. Katika safari nzima hawakugusa mpira wa mechi Jumapili.

Jumatatu, 7 Juni. Troy

Hapa ndipo waliponusa hatari. Klabu ya Unions ya Lansingburgh, iliyo jirani na mji wa Troy, watu waliiita Haymakers, wakata majani, kwa sababu walionekana washamba. Hao washamba walikuwa wanapiga mpira kwa nguvu ambayo mashariki yote iliiogopa. Mechi ikawa ya kufukuzana, kila upande ukijibu. Soksi Nyekundu walishinda 37 kwa 31.

Hakuna timu nyingine mwezi ule iliyowafunga mara 31. Liweke jina la Haymakers akilini, litarudi Agosti.

Jumanne na Jumatano, 8 na 9 Juni. Albany, kisha Springfield

Nationals ya Albany, 49 kwa 8. Kesho yake, Massachusetts, Mutuals ya Springfield, 80 kwa 5. Sina la kusema juu ya 80 kwa 5 isipokuwa kuwahurumia waliolazimika kuikimbiza mipira hiyo jioni nzima.

Alhamisi hadi Jumamosi, 10 hadi 12 Juni. Boston

Siku tatu, mechi tatu: Lowell 29 kwa 9, Tri-Mountain 40 kwa 12, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard 30 kwa 11. Boston walijitokeza kuwaangalia kwa udadisi wa kweli, na nina hakika kuna matajiri waliokaa pale kando wakipiga hesabu vichwani: kumbe inawezekana, mtu akilipa. Miaka miwili baadaye hesabu hizo zingewagharimu watu wa Cincinnati.

Jumanne, 15 Juni. Brooklyn

Sasa tumefika.

Uwanja ni Union Grounds, Williamsburg, mali ya William Cammeyer. Alikuwa na bwawa ambalo majira ya baridi liliganda watu wakateleza juu ya barafu. Mwaka 1862 aliligeuza uwanja wa besiboli, akauzungushia uzio, akaanza kuuza njia ya kuingia. Mchezo huu ulianza kuwa biashara siku uzio ule ulipojengwa, kwa sababu bila uzio hakuna kiingilio, na bila kiingilio hakuna mshahara.

Wapinzani ni Mutual ya New York, klabu ya wanasiasa wa Tammany Hall, kundi la siasa la mji huo, na mkubwa wao William Tweed aliyeushika mji mkononi. Wachezaji wake walijulikana kuwa kwenye orodha za mishahara ya jiji. Kwa hiyo zilikutana namna mbili za kulipa: moja ya wazi, kwa mkataba, na moja ya kupitia mlango wa nyuma wa serikali. Fred Waterman alizijua zote mbili, maana aliwahi kuichezea Mutual.

Watu walijaa. Walitegemea mvua ya mikimbio kama kawaida, lakini waliona kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona. Mpira haukuangushwa. Zamu baada ya zamu zilipita bila mtu kuzunguka. Brainard alirusha kwa utulivu, Rynie Wolters wa Mutual naye akamjibu, na nyuma yao wachezaji walidaka kila kitu kwa mikono ile isiyo na kinga. Cincinnati waliongoza 2 kwa 0, kisha 2 kwa 1. Katika zamu ya mwisho Mutual walisawazisha, na walikuwa bado na watu vituoni.

Ndipo mpira ukapigwa juu, mwepesi, ukielekea kwa Waterman. Mtoto angeudaka. Wakimbiaji wa Mutual walibaki kwenye vituo vyao, kwa sababu mpira ukidakwa na wewe umeondoka, unatolewa. Waterman aliuacha udondoke. Aliuacha kwa makusudi, akauokota, akautupa, na wakimbiaji ambao sasa walilazimika kukimbia walijikuta wamechelewa. Wawili wakatoka kwa mpira mmoja. Hila hiyo ilikuwa halali kabisa wakati ule, na sheria ya kuizuia iliandikwa miaka ya 1890. Lakini fikiria moyo unaohitajika kuuacha mpira uanguke mbele ya maelfu ya watu wa New York, matokeo yakiwa sawa, ukijua kwamba ukikosea utasafiri na kosa hilo maisha yako yote.

Cincinnati wakaingia kupiga, wakapata mikimbio miwili. 4 kwa 2. Kwa viwango vya 1869 hayo yalikuwa matokeo ya ajabu, na magazeti ya New York yenyewe yalikiri kwamba huenda haijawahi kuchezwa mechi bora zaidi.

Kule Cincinnati umati ulikuwa umejazana nje ya hoteli ya Gibson House kusubiri waya. Ilipofika, mji ulilipuka kwa shangwe, na usiku ule wachezaji walipokea hotelini kwao simu ya waya iliyotiwa sahihi kwa niaba ya wananchi wote: mitaa imejaa, wanashangilia bila kukoma, endeleeni na kazi hiyo njema. Waliiita kazi. Mimi neno hilo linanigusa.

Jumatano, 16 Juni. Brooklyn

Viwanja vya Capitoline, dhidi ya Atlantic, klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara kadhaa na ambayo watoto wa Brooklyn waliiapia. Baada ya mechi ya jana ungetegemea miguu mizito. Soksi Nyekundu waliwacharaza 32 kwa 10. George Wright, akicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, alisimama nyuma kuliko wengine wote waliowahi kucheza nafasi hiyo, kwa sababu alijua mkono wake unaweza kurusha kutoka mbali. Wachezaji wa nafasi hiyo hadi leo wanasimama alipoanza kusimama yeye.

Alhamisi, 17 Juni. Brooklyn

Eckford, 24 kwa 5. Klabu tatu kubwa za New York na Brooklyn kwa siku tatu.

Ijumaa, 18 Juni. Irvington, New Jersey

20 kwa 4. Kwa Sweasy na Leonard huku ni nyumbani: wote wawili waliwahi kuvaa jezi ya Irvington kabla hawajaenda magharibi. Leonard alizaliwa Ireland na akakulia maeneo haya. Waliondoka mafundi kofia, wakarudi wakiwa na dola 800 kwa msimu na soksi zinazowaka.

Jumamosi, 19 Juni. Philadelphia

Olympic ya Philadelphia ilikuwa miongoni mwa klabu kongwe kabisa za mchezo wa mpira na gongo nchini Marekani, iliyoanza miaka ya 1830. Ilipoteza 22 kwa 11.

Siwezi kupita Philadelphia bila kuzungumza habari ya klabu ambayo Soksi Nyekundu hawakucheza nayo. Katika mji huuhuu, mwaka huuhuu, kulikuwa na timu ya Pythian, ya wachezaji Weusi watupu, ikiongozwa na mwalimu Octavius Catto wa Taasisi ya Vijana wa Rangi. Walikuwa wanapiga kila aliyejitokeza mbele yao. Mwaka 1867 waliomba kuingia chama cha jimbo la Pennsylvania. Walipoona kura zitawakataa, waliondoa ombi. Desemba ya mwaka huo chama cha taifa kikaandika kabisa kwamba klabu yenye hata mtu mmoja Mweusi haipokelewi. Chama kilekile kilichofungua mlango kwa wanaolipwa mwaka mmoja baadaye kilikuwa kimeshaufunga kwa rangi ya ngozi.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba Cincinnati walizunguka nchi nzima na kumshinda kila mtu, ninajua kwamba "kila mtu" hapo ina mipaka. Ingekuwa mechi ya namna gani, Pythian na Soksi Nyekundu? Tulinyimwa. Kilichotokea ni hiki: tarehe 3 Septemba 1869, Olympic hao hao walikubali kuingia uwanjani na Pythian. Olympic walishinda 44 kwa 23, na hiyo inakumbukwa kama mechi ya kwanza inayojulikana kati ya klabu ya Weupe na klabu ya Weusi. Ukilinganisha na vipigo nilivyoorodhesha hapa, mikimbio 23 dhidi ya Olympic ni mingi: Soksi Nyekundu wenyewe walipata 22. Catto aliuawa kwa risasi mtaani tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, wakati Weusi wa Philadelphia walipokuwa wakipigania haki waliyokwisha kupewa na katiba ya kupiga kura. Alikuwa na miaka 32.

Jumatatu, 21 Juni. Philadelphia

Athletic, timu iliyotegemewa kuwazima kama Mutual wameshindwa. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wote wa safari, watu walipanda hadi kwenye mapaa na miti ya kando. Athletic walipiga vizuri, na kwa muda mechi ilikuwa ya wote. Mwisho 27 kwa 18.

Jumanne, 22 Juni. Philadelphia

Keystone, 45 kwa 30. Mikimbio 30 ni mingi kufungwa. Uchovu ulianza kuingia.

Alhamisi, 24 Juni. Baltimore

Maryland, 47 kwa 7.

Ijumaa, 25 Juni. Washington

Nationals, 24 kwa 8.

Jumamosi, 26 Juni. Washington

Walikwenda Ikulu. Rais Ulysses Grant, aliyeapishwa Machi mwaka ule, aliwapokea na kuwapongeza. Grant alizaliwa Point Pleasant, kijiji kilicho kando ya mto uleule wa Ohio, si mbali na Cincinnati. Jemadari aliyemaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka minne tu iliyopita alisimama akiwapa mikono fundi piano, fundi kofia na mchonga marumaru. Vita vile ndivyo vilivyoueneza mchezo huu nchini; askari waliucheza kambini, wakarudi nao vijijini kwao.

Jumatatu, 28 Juni. Washington

Olympic ya Washington, 16 kwa 5. Jina hili nalo litarudi.

Jumatano, 30 Juni. Wheeling, West Virginia

Baltic, 44 kwa 0. Walikuwa wanataka kufika nyumbani.

Alhamisi, 1 Julai. Cincinnati

Umati stesheni, bendi, msafara wa magari ya farasi, nyumba zimepambwa kwa vitambaa vyekundu. Kampuni ya mbao ya mji iliwapa zawadi ya gongo la kupigia lenye urefu wa futi 27, zaidi ya mita 8, majina ya wachezaji yameandikwa juu yake. Jioni palikuwa na karamu. Champion alisema kwamba siku ile mtu alimuuliza lipi angelichagua, kuwa rais wa Marekani au rais wa Klabu ya Besiboli ya Cincinnati, naye alijibu bila kusita kwamba angechagua klabu. Namwamini. Alikuwa ametoka Ikulu siku chache tu zilizopita na kuona zote mbili.

Alhamisi, 26 Agosti. Cincinnati

Haymakers wa Troy walikuja kulipiza. Baada ya zamu tano matokeo yalikuwa 17 kwa 17. McVey alipokuwa akipiga, mpira uliguswa kidogo na gongo, na mdakaji wa Troy, Bill Craver, akadai ameudaka. Mwamuzi akakataa. Rais wa Troy akaita timu yake, wakapanda gari lao na kuondoka uwanjani.

Minong'ono ilikuwa ni ya kamari. John Morrissey, bondia wa zamani aliyekuwa mbunge na mmiliki wa nyumba za kamari, alisemekana kuweka pesa nyingi kwa Troy, na mechi ikivunjika pesa haipotei. Mwamuzi aliwapa Cincinnati ushindi. Craver alikuja kufungiwa maisha mwaka 1877 kwa kashfa nyingine, akiwa Louisville.

Hii ndiyo mechi pekee ya msimu ambayo vitabu vingine vinaihesabu sare.

Septemba na Oktoba. Reli hadi California

Tarehe 10 Mei 1869, Promontory, Utah, reli za mashariki na magharibi ziliunganishwa. Miezi minne baadaye Soksi Nyekundu walikuwa juu yake. Walivuka nyanda, jangwa na milima ya Sierra Nevada, wakafika Sacramento, wakashuka mto kwa meli hadi San Francisco. Mwaka mmoja kabla, safari hiyo isingewezekana kwa timu yenye ratiba.

Mechi zenyewe hazikuwa na ushindani. Eagle walifungwa 35 kwa 4, kisha 58 kwa 4. Pacific 66 kwa 4, kisha 54 kwa 5. Atlantic ya huko 76 kwa 5. Kilichomshangaza mwandishi wa habari wa msafara ni desturi ya kusimamisha mchezo dakika kumi baada ya zamu ya sita. Aliandika kwamba ni mbinu ya kuwapeleka watazamaji baa. Wakirudi walicheza Nebraska pia. Watu waliokuwa wamesoma tu habari zao magazetini sasa waliwaona kwa macho.

Novemba 1869

Walifunga msimu nyumbani kwa kuwapiga Mutual 17 kwa 8. Hesabu inayokubaliwa na wengi ni ushindi 57, bila kushindwa hata mara moja, na kama maili 12,000 za safari.

Mhasibu naye alifunga vitabu. Mapato dola 29,726.26. Matumizi dola 29,724.87. Faida: dola moja na senti 39. Wapo wanaocheka hesabu hii. Mimi naiona ya fahari. Mishahara ililipwa, nauli zililipwa, hoteli zililipwa, na senti zikabaki mezani bila msaada wa Tammany.

Jumanne, 14 Juni 1870. Brooklyn

Viwanja vya Capitoline, Atlantic tena. Baada ya zamu tisa, 5 kwa 5. Atlantic walifurahia sare na wakaanza kuondoka, watu wakamwagika uwanjani. Harry Wright alikataa. Kanuni zinasema mchezo uendelee, basi uendelee. Wangeweza kubaki bila kushindwa kwa kukaa kimya tu.

Zamu ya 11 Cincinnati walipata miwili. Kisha Joe Start wa Atlantic akapiga mpira ulioingia kwenye umati wa upande wa kulia. Inasimuliwa kwamba mtazamaji alimrukia McVey mgongoni alipoinama kuuokota. Atlantic walipata mitatu. 8 kwa 7. Zaidi ya mechi 80 bila kushindwa zikaishia hapo. Champion alituma waya nyumbani usiku ule: mechi nzuri kuliko zote zilizowahi kuchezwa, vijana wetu walifanya vyema, tumeshindwa lakini hatujaaibika.

Watazamaji walipungua baada ya hapo, na mwisho wa mwaka viongozi wa klabu waliamua kutoajiri tena. Harry alichukua mkataba Boston, akaenda na George, Gould na McVey, na jina la Red Stockings akaondoka nalo. Brainard, Waterman, Allison, Sweasy na Leonard walisaini na Olympic ya Washington. Machi 1871 ilianzishwa ligi ya kwanza ya kulipwa, na timu zote mbili ziliingia. Cincinnati haikuwemo.